Vidonge vya Zilola

Hosiyat, usipige simu. Niko hospitali, nikisema neno moja nitalia.

Mjukuu wangu Zilola amelazwa tena. Ile lupus yake, ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, imerudi, safari hii matumboni.

Unawakumbuka wale washenga waliotoka mji wa Kokandi kuja kumposa? Zilola akiwamiminia chai, mmoja akasema, "Uso wote huu, mtandio gani utaufunika?" Wakacheka. Wakaahidi kurudi baada ya wiki mbili.

Basi ni mimi. Ni mimi niliyemwambia, "Mwanangu, vidonge ndivyo vinavyokuvimbisha uso. Viache kidogo mpaka wageni wapite." Akaviacha. Uso ukapungua kweli, nami nikafurahi.

Leo ni siku ya tisa tangu alazwe. Tumbo limekaza kama ngoma, hata maji anayatapika. Mwaka jana dawa ile ile ilimwinua kwa siku tatu. Sasa wanampa nyingi zaidi, kwa mshipa, na matumbo hayasogei. Daktari ameniambia, "Bibi, sina dawa nyingine ya kujaribu."

Kisha akamgeukia Zilola. "Nani alikuambia uache vidonge?"

Nilikuwa pale pale, Hosiyat, nimeshika beseni. Nikafungua mdomo.

Zilola akasema, "Hakuna mtu, daktari. Nilisahau mwenyewe."

Akagombezwa kama mtoto, kwamba msichana aliyesoma hasahau dawa. Daktari alipotoka, akaniambia, "Bibi, hujala tangu asubuhi. Kuna mkate kwenye mfuko wangu."

Nimeula, Hosiyat. Na daktari bado sijamwambia.