Mrefu kaja na mchumba wake kununua gari

Shoga uko wapi?? Pokea simu basi! Haya nakuandikia.

Mrefu kaja dukani. Mrefu huyuhuyu aliyeniacha mimi. Kaja na mchumba wake kununua gari, na muuzaji wa zamu ni nani? MIMI.

Wamechagua wee mpaka wamebakiza mawili, yote ya kifahari, jeusi na la rangi ya fedha. Jeusi lina nguvu ila linakunywa mafuta kama halina akili. La fedha limetulia, ukiwa ndani husikii hata honi za barabarani. Mchumba, mzuri huyo mpaka nikanuna, akaniuliza, "Dada, ungekuwa wewe ungechukua lipi?"

Wivu mbaya, shoga. Nikamjibu, "Jeusi, wala usijiulize." Nilitaka limkaushie pochi.

Mrefu kichwa kiko kwenye buti la gari, akacheka: "Wewe? Si ulikuwa unasema gari jeusi ni kama kukaa ndani ya chungu?"

Mchumba akanitazama mimi, kisha Mrefu.

"Kumbe mnajuana," mchumba akasema. Hata sauti hakupandisha. "Dada, nipe ufunguo wa lile la fedha, tukalijaribu. Kaa mbele na mimi. Wewe, nyuma."

Na Mrefu akaenda nyuma! Mrefu, asiyeambilika!

Mimi sasa, badala ya kueleza breki, njia nzima nimeshusha kile kioo kidogo cha kujitazamia hapo juu mbele yangu, najifanya naangalia wanja, kumbe nataka nione Mrefu huko nyuma anamtazama nani.

Anamtazama mchumba wake, shoga. Kwangu hayakupita hata kwa bahati mbaya, yale macho.