Lenzi Inayowapendelea Wazee

Korogwe, Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, na mimi nimenuna kuliko mawingu.

Nina lenzi mbili za kukuzia picha, na leo zote zimenikataa.

Mzee Mhina na mkwewe, Mama Athumani, wametoka Handeni kwa miguu kutaka picha kubwa. Athumani, mjukuu wa mzee, alikwenda bara kubeba mizigo ya Wadachi, na habari iliyorudi ni ya kifo. Hata kaburi hawajaliona. Ijumaa inasomwa hitima, kwa hiyo kesho mchana lazima waondoke na picha.

Sura yake imebaki kwenye kioo kimoja tu cha picha, nilichowapigia ukoo mzima harusini kwao. Kiooni wote wako wazi. Lakini kama ilivyo desturi, wazee waliketi katikati, na Athumani, mdogo wao, akasimama mwisho kabisa wa mstari.

Mwanga unaingia kwa tundu la dirisha la chumba changu cha giza, unapita kwenye kioo, kisha lenzi inaitupa picha ukutani ikiwa kubwa. Lenzi kubwa inapitisha mwanga mwingi, ila haiwezi kuwaonyesha wote sawasawa. Asubuhi niliilenga katikati. Mzee Mhina akatoka hadi mikunjo ya paji la uso. Athumani akatoka ukungu mtupu.

Lenzi ndogo, niliyoachiwa na Mdachi mmoja mpima ardhi, inawaonyesha wote mwisho hadi mwisho. Basi nikaichagua hiyo. Kumbe inataka jua kali, tena kwa muda mrefu. Wingu likapita, picha ikatoka kijivu. Nikaongeza muda, jua likachomoza ghafla, ikatoka nyeusi tii.

Nilitamani kuipiga lenzi ukutani.

Nimebakiwa na karatasi moja ya kutolea picha. Nyingine ziko Tanga.

Nilipendekeza nitoe picha ya kijana peke yake. Mama yake akakataa katakata: "Mwanangu alikuwa na watu wake. Usimtenge."

Njia moja niliijua tangu asubuhi, nikaikwepa. Ni kuilenga lenzi kubwa mwisho wa mstari, Athumani awe wazi na wazee wa katikati wawe ukungu. Lakini nani kwetu Usambara anamfuta babu ili amwonyeshe mjukuu? Mimi nililelewa nisipite hata mbele ya mzee anayekula.

Jioni nikaenda Kilole walikofikia. Nikatoa shikamoo, nikazunguka weee na maneno ya lenzi na mawingu, mpaka mzee akachoka.

"Sasa mwanangu, unanieleza nini? Mimi si nipo? Anayetaka kuniona atakuja anione. Mtoe wazi huyo tusiyemwona."

Mama Athumani akafunika uso kwa kanga. Tangu wafike sikuwa nimemwona akilia.

Nimerudi na hasira, kwa kweli. Karatasi zote hizo nimeziharibu nikimlindia mzee heshima ambayo hata hakuidai. Kuuliza si ujinga, nami niliona haya kuuliza.

Huko nje bado kumefunga. Lenzi kubwa itavumilia mawingu, najua, lakini karatasi ni ile moja tu.

Kesho nitailenga kwa kijana wa mwisho, yule ambaye kanzu inampwaya. Safari hii wazee ndio watangulie ukunguni.