Kura ya Mikono Miwili

Kagerankanda, Kasulu

Mjukuu wangu Neema,

Mwakeye! Huku tu wazima, maharage yamekubali, na mdogo wako ameota meno, anatung'ata sote.

Unauliza kama ni utovu wa heshima kumnyima kura baba yako mkubwa anayegombea udiwani huko Mwanza. Umenichekesha, maana mimi nilimnyima baba mkwe.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshahamia kijiji cha ujamaa, tunachagua mwenyekiti. Waligombea baba mkwe wangu, Mzee Ntahondi, na Mama Zabibu, aliyeahidi kutupigania tupate mashine ya kusaga. Katibu akasema wanaomtaka mzee wanyooshe mkono. Sasa Muha gani anampa mzee kitu kwa mkono mmoja? Tukanyoosha yote miwili, kura zikazidi watu!

Katibu akashika kichwa. "Heshima mmeshampa," akasema. "Sasa nipeni kura, mkono mmoja tu, kwa yule mnayemtaka."

Wangu niliunyoosha kwa Mama Zabibu, baba mkwe akiniangalia. Mama akashinda, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Jioni nikampelekea baba mkwe ugali, nimepiga magoti. Akaitazama mikono yangu iliyoshika sahani, akaangua kicheko.

"Mchana umeninyima mmoja, sasa unanipa yote miwili. Nimepata hasara gani?"

Basi nenda kapige kura yako, mama, kisha urudi umpikie baba mkubwa. Na umtengee kwa mikono yote miwili.

Bibi yako akupendaye