Nebula Mikononi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeumbuka leo. Somo la nebula, na mimi, mwalimu wa viziwi, sina ishara yake! Nimeandika ubaoni: wingu kubwa mno la gesi na vumbi katikati ya nyota. Kisha, kwa mikono, nikatumia ishara ya wingu la kawaida. Yule binti tunayemwita Mkurugenzi – anaamrisha darasa zima – akauliza: kwa hiyo mvua itanyesha? Darasa hoi. Viziwi wakicheka hugonga meza; nusura zivunjike.

Mkuu wa shule anasema niliruke. Kwenye maonyesho ya sayansi tupeleke ile volkano ya udongo ya mwaka jana. Volkano tena? Thubutu!

Jumatano, 5 Machi

Wanafunzi wametunga ishara! Wenyewe! Mimi nilibandika picha nne, nikaeleza, nikakaa pembeni.

Nebula: ngumi inafunguka polepole, vidole vikicheza kama unga hewani. Ile inayong'aa yenyewe, kwa kuwa nyota kali zinaichochea gesi yake – vidole vinatetemeka kutoka kifuani. Ile inayoakisi tu mwanga wa nyota jirani – kiganja kimoja kinapokea, kingine kinarudisha. Ya giza, vumbi zito linaloficha nyota za nyuma – kiganja kinapita mbele ya macho.

Ugomvi ukawa kwenye nebula ya sayari. Nikasema haihusiani na sayari hata kidogo. Kwenye darubini za zamani ilionekana mviringo tu, jina likaganda. Ni nyota iliyozeeka inayoachia matabaka yake ya nje. Mkurugenzi akagoma. Jina linadanganya, hatutumii ishara ya sayari! Akafanya kama anayevua koti – bega hili, bega lile, bila haraka. Nyota inavua.

Jioni nikafanya mazoezi jikoni. Mume wangu: "Mama watoto, unafukuza mbu?"

Jumapili, 9 Machi

Mama yake Mkurugenzi kapiga simu. Atakuja kwenye maonyesho, ila atakaa nyuma. Hajui ishara. Nyumbani humwonyesha bintiye vitu kwa kidole – sahani, mlango, kitanda. "Hata hivyo sitaambulia kitu, mwalimu."

Nimemwandika kwenye orodha ya wageni.

Jumatano, 12 Machi

TUMESHINDA! Ngoja nipumue.

Jaji mkuu wa maonyesho alinigeukia mimi, si Mkurugenzi. Akauliza: huyu binti anaelewa, au wewe ndiye unayeeleza? Nikatafsiri neno kwa neno. Mkurugenzi akanitazama. Akaniamuru: mwalimu, mikono mfukoni.

Mfukoni! Mimi mkalimani! Nikatii.

Akamsogeza jaji mbele ya zile picha nne. Akamfanyia ishara moja, akamwonyesha kwamba achague. Kiganja kikapita machoni. Jaji akasitasita… akagusa ile ya giza. Sawa! Kupokea, kurudisha – akagusa inayoakisi. Kifuani, vidole vikitetemeka – sawa tena! Jaji mwenyewe akacheka kwa furaha.

Kisha bega hili, bega lile. Kabla jaji hajanyanyua mkono, sauti kutoka nyuma: "Ile ya duara! Inavua nguo, ile!"

Mama yake. Amesimama juu ya kiti, kidole hewani, machozi hadi kidevuni.

Nafasi ya kwanza. Mkuu wa shule ananipongeza kana kwamba wazo lilikuwa lake. Na iwe lake! Mimi nimewaona mama na binti kwenye ngazi za ukumbi, mama akijaribu kuvua koti asilolivaa, binti akimrekebisha kiwiko. Hawakuniita nitafsiri.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika harakaharaka, kona ya darasa. Watu wa kamusi ya lugha ya ishara wamekuja na kamera. Ishara zetu tano zimesharekodiwa, zote zimekubalika! Mara mama mmoja wa kamusi, naye kiziwi, akauliza: na masalio ya nyota iliyolipuka? Hiyo nayo ni nebula.

Hatuna. Sikuwafundisha!

Mpiga picha kauliza kama azime kamera. Mkurugenzi kamkatalia, kwa kichwa tu. Sasa wamejikusanya duara, mikono inarushwa huku na huku, huyu anapinga, yule anasukumwa. Mkuu ananikonyeza niwasaidie. Sinyanyuki ng'o!

Wametulia. Mkurugenzi kaingia katikati, kakaza ngumi mbili kifuani. Kamera inamsogelea. Anafungua—