Gari Litakalopita Kinuni

Leicester, Uingereza
5 Februari 2006

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii isiyo na huruma. Mimi na mtoto hatujambo. Wewe je, goti limepoa? Na yule ng'ombe mweusi bado anapiga ndoo teke?

Baba, nimepata likizo ya Agosti. Tunakuja nyumbani Kinoo, mimi na mtoto, mwezi mzima. Lile gari la zamani uliloliacha nyuma ya zizi lioze sitaki hata kuliona, kwa hivyo tununue lingine. Nenda yadini kwa mpwa wako Mungai anayeuza magari, kule Westlands. Akuonyeshe gari la familia, lile lililoinuka, la ukubwa wa kadiri, si yale ya wabunge. Liendeshe mwenyewe, kisha uniandikie uzuri na ubaya wake, kama ulivyokuwa ukikagua mitamba sokoni: miguu, kiwele, hasira. Nataka kujua linakunywa mafuta kiasi gani, kama buti litatosha kigari cha mtoto, na kama mikanda ya nyuma inashika. Simu najua huipendi.

Jambo lingine. Mtoto nimempa jina la Mama, Wamaitha, kama desturi yetu inavyotaka. Mimi nina jina la mama yako, na tangu utotoni unaniita mama. Wazee wenzako wakipata mjukuu mwenye jina la mke wao, humwita mke wangu na kumtania habari za mahari. Wewe hujaandika hata neno. Nangoja.

Binti yako, na mama yako,
Nyokabi


Kinoo
12 Machi 2006

Mama Nyokabi,

Barua imenikuta mzima. Goti ndilo linalojua mvua inakuja kabla ya redio kusema. Yule mweusi bado ana kichaa. Mtoto msalimie.

Mungai alianza kunipa la rangi ya fedha. Nikalishusha mpaka mjini, nikazunguka Kenyatta Avenue, nikarudi na Waiyaki Way. Uzuri wake, unakaa juu, unaona mbele hata ukiwa nyuma ya lori. Matuta linayapita bila kukupiga uti wa mgongo. Breki zinasikia. Buti litabeba kigari chako na chakula cha ng'ombe juu yake. Ubaya, kwenye foleni ya Westlands linakunywa mafuta bila aibu, kwenye kona za Loresho linalala upande, na vile viti vya nyuma kabisa ni vya watoto au vya watu waliokukosea.

"Mzee, hii ni kitu safi, hautapata ingine," Mungai akaniambia. Nikalikataa. Ukikunja viti vya nyuma, sakafu inabaki na ukingo katikati. Mtu akilala pale mgongo utamuuma, na kichwa kitakuwa chini kuliko miguu.

Jeusi lina sakafu nzuri, lakini ni fupi. Miguu inagusa mlango. Nalo nimelikataa. Naendelea kutafuta.

Baba yako,
Gerishon


Leicester
2 Aprili 2006

Baba,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima, ila mimi sina amani.

Ni nani atakayelala ndani ya gari? Sisi tutakuwa tumeketi.

Mungai amenipigia simu. Hakutaka kukusema, lakini ameogopa. Anasema unakunja viti, unalaza gunia la viazi, unalifunika na blanketi la Mama, lile la mistari. Kila gari unaliteremsha mpaka kwetu bondeni, kisha unalipandisha tena kwenye udongo, redio umeizima. Ukifika kwenye kinu cha kusagia mahindi unasimama ghafla na kumuuliza kama amesikia. "Nikamuuliza nisikie nini, akatia gia tukaondoka," aliniambia. "Hiyo siku sikulala, cuzo."

Kinu hicho nakijua. Ndipo gari la zamani lilipokwama na mvua mwaka juzi, ukimkimbiza Mama hospitali. Watu walipomaliza kulisukuma, alikuwa amekata roho pale kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa huku, makaratasi yangu hayajakamilika, sikumzika. Usidhani nimesahau. Lakini gari hili ni la mtoto, Baba. Nieleze unafanya nini.

Binti yako,
Nyokabi


Leicester
21 Mei 2006

Baba,

Hujambo? Mtoto hajambo. Barua yangu ya Aprili hukuijibu. Mungai anasema ulichukua gari la kijani ukalijaribu, hujalirudisha yadini, na akija langoni unamwambia uko sawa kisha unafunga. Hasira zangu ziweke kando. Niandikie mstari mmoja tu.

Nyokabi wako


Kinoo
11 Juni 2006

Mama Nyokabi,

Niko hai. Ng'ombe wako hai. Nilichelewa kwa sababu sikujua niandike vipi bila kukutisha, na sasa nitakutisha tu.

Mungai hakukudanganya. Mama yako anapumua nyuma ya magari yale. Ni ile pumzi yake ya siku ile, inayokwaruza. Nikitoka langoni naisikia. Nikifika kinuni inakatika, kila gari, palepale. Nilikuwa natafuta gari ambalo pumzi haitakatika ndani yake. Mafuta na mikanda nilikuandikia ili usiulize mengi.

Siku niliyochukua la kijani mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, njia imekuwa uji. Gari likachimba, likayumba, likashika, tukapita kinu. Na pumzi haikukatika. Niliisikia lami ilipoanza. Nikaisikia Uthiru, nikaisikia Mountain View. Ningegeukaje, mama? Nikawasha taa, nikapiga honi, watu wakanipisha. Nikamwambia avumilie kidogo, tumeshatoka kwenye matope.

Nikaingia hospitali nikipiga kelele. Vijana wawili wakaja mbio na machela. "Mzee, mgonjwa ako wapi?" Nikawafungulia mlango wa nyuma.

Hakuna aliyecheka. Mmoja akatazama gunia, akanitazama mimi, akavuta blanketi pale lilipokuwa limeteleza, akafunika vizuri. "Tumuingize, ama utarudi na yeye nyumbani?" Nikasema nitarudi naye.

Nikarudi naye. Tangu siku hiyo haijakoma. Nikilala naisikia kutoka uani, ndani ya gari. Ndiyo maana nimeshindwa kulirudisha. Ningempaje Mungai gari lenye mtu?

Gari ni zuri, tulinunue. Ubaya wake ni kwamba limechelewa.

Baba yako,
Gerishon


Leicester
25 Juni 2006

Baba yangu,

Pole. Pole sana. Barua yako niliisomea chooni kazini, nikalia mpaka wenzangu wakagonga mlango.

Tiketi ninazo na nitakuja. Lakini siwezi kumkalisha mtoto wangu mahali unapomlaza mama yangu. Huyu wangu anaitwa Wamaitha. Ana meno mawili, anapumua vizuri, na analia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mpaka leo unamwita mtoto, mtoto. Ukishindwa kumwita kwa jina lake, tutashukia kwa rafiki yangu Debra kule Loresho, tuwe tunakuja kukusalimia na kuondoka. Itaniuma, lakini siwezi kumlaza nyumbani kwa mtu anayemngoja Wamaitha mwingine.

Nakupenda, Baba. Nijibu.

Nyokabi


Kinoo
23 Julai 2006

Mama Nyokabi,

Salamu. Goti limetulia kwa vile mvua imekwisha, na yule mweusi amezaa, labda sasa atapata akili.

Vile viazi vilikuwa vimeanza kuchipua ndani ya gunia, nikavipanda nyuma ya jikoni. Blanketi nimelifua, nimeliweka kabatini. Viti nimevikunjua. Mungai akaja kufunga kiti cha mtoto nyuma yangu, akifunga huku anaimba nyimbo za kanisa kwa nguvu zote. Mikanda inashika vizuri. Uliuliza, nami sikukujibu.

Jana nikalipandisha, kiti kikiwa kitupu. Nilipofika kinuni nikazima injini, nikangoja. Kimya. Nilidhani nitafurahi. Nililia mpaka mwenye kinu akatoka kuniuliza kama gari limeharibika.

Usidhani nimepona. Kimya kile nakiogopa kuliko pumzi, na usiku bado naamka kusikiliza. Lakini msiende Loresho. Nitakuja uwanja wa ndege na la kijani. Mwambie Wamaitha kwamba mahari nililipa zamani, ng'ombe na mbuzi, na silipi mara ya pili. Mwambie pia asilale njiani. Alie kuanzia uwanjani, alie mjini, alie Westlands, na tukifika kinuni alie zaidi. Akinyamaza pale, tafadhali mfinye kidogo.

Mume wake,
Gerishon