Uzeni Ile Nyeupe

Bo-ram, Tae-rim,

Wali umo kwenye sufuria ya umeme, kabichi ya kimchi iko mbele kabisa ndani ya friji.

~~Uzeni ile mashine nyeusi ya gemu.~~ Hapana. Uzeni nyeupe, hata kama nyeusi ndiyo kuukuu. Nyeupe inakubali gemu za dukani tu. Nyeusi inakubali hata ile aliyoitengeneza marehemu baba yenu, yenye nyumba hii hii yetu ndani yake, na kikatuni cha sura yake mwenyewe kimekaa mezani kila ukiiwasha.

Leo asubuhi niliiwasha nimuage kabla hamjaiuza. Mezani hayupo. Yuko mlangoni, kwa ndani, anagonga. Msiniambie mama kazeeka. Nilifuta miwani nikatazama tena.

Jana kwenye tambiko lake la mwaka tulimfungulia mlango aingie ale. Halafu nani alikimbilia kuufunga, eti baridi, kabla hatujamsindikiza? Bo-ram, najua ni wewe.

Sasa msibonyeze kitu kwenye mashine. Fungueni mlango wa mbele, inameni, mmuage vizuri.

Mimi nimetokea mlango wa jikoni. Ule wa mbele nao ulikuwa unagongwa, kwa ndani.

Mama