Mwaka Tuliomngoja Brandvold

Jumatatu, 24 Januari 1972

Theluji tangu alfajiri. Upepo unaipeperusha hadi ghala halionekani kutoka jikoni. Nilidhani Duane Toft, mwenyekiti wetu, ataahirisha mkutano wa chama wa kumchagua mgombea urais. Wapi! Kapiga simu: mkutano uko palepale, ukumbi wa chini wa kanisa, kila mtu aje na kitafunwa chake. Nikaoka keki ya tufaha. Mume wangu Leland akatangulia kwenye pikapu, akaniwashia hita.

Sijawahi kuupenda mtindo wetu huu wa Iowa. Kwingine watu wanapiga kura kama wastaarabu, kila mtu na siri yake. Sisi tunasimama kwenye kona, mbele ya mtu uliyemwazima trekta jana na utakayekaa naye kanisani keshokutwa.

Duane akagawa kona. Seneta Mulcahy, ambaye nchi nzima inasema uteuzi wa chama ni wake, akapewa upande wa ngazi. Gavana Brandvold, ambaye hata redioni wanalikosea jina lake, akapewa kona ya hita. Ambao hawajaamua wakabaki mezani, karibu na keki. Hao nao wana akili zao.

Nikaenda kwa Brandvold. Sababu ninayo moja, na kila mtu mle ndani anaijua ingawa hakuna anayeitaja. Brandvold peke yake ndiye aliyesema kwamba akiwa Rais atawasamehe vijana waliokimbilia Kanada kukwepa vita vya Vietnam. Mwanangu Gaylen yuko huko, Winnipeg, mwaka wa tatu sasa. Akivuka mpaka, pingu zinamngoja. Mulcahy anasema waliokimbia wakae hukohuko.

Na Leland akaenda kwa Mulcahy. Baba yake Gaylen!

Tulikuwa wachache mno kwenye kona yetu. Kundi lisilofikia kiwango linavunjwa, na watu wake watafute pengine pa kusimama. Tulipungukiwa na mtu mmoja. Duane akatoa muda wa kushawishiana. Basi nikavuka ukumbi, viatu vimejaa maji ya theluji, vinalia kwa kila hatua, nikamwambia mume wangu mbele ya watu wote: njoo usimame nami. Hakuniangalia.

"Opal amekaa hapa," alisema.

Opal Sievers ni jirani yetu. Mwanawe Rolf alirudishwa kutoka Vietnam ndani ya sanduku, mwaka uleule Gaylen alipoondoka. Wale watoto walikua pamoja, wakila mara kwetu mara kwao. Opal alikuwa kwenye kiti mbele ya Leland, anajitazama mikono. Nikarudi kwenye kona yangu, natamani ardhi ipasuke nizame.

Aliyetuokoa ni mzee Enevold, mwalimu mstaafu. Alitoka mezani na sahani yake, akaja akaegemea ukuta wetu. Duane akamuuliza kama anamuunga mkono Brandvold. Mzee akasema hamfahamu sana, ila magoti yanamsumbua na kona hii ina joto. Sheria haiulizi sababu. Tukahesabiwa.

Tukarudi nyumbani. Leland anajua kuendesha kwenye theluji, huo ndio wema niliokuwa nao wa kumfikiria usiku huu.

Jumanne, 25 Januari

Brandvold ameongoza Iowa! Mtangazaji mwenyewe alisita kabla ya kulisoma jina lake. Wakulima wa Mulcahy walibaki nyumbani kwa sababu ya theluji barabarani, na sisi vichwa vigumu tukaenda. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nimecheka peke yangu nikiosha vyombo. Historia ya Marekani imegeuzwa na magoti ya Enevold.

Jumatano, 8 Machi

Ameshinda na New Hampshire. Sasa jina lake wanalitamka vizuri.

Gaylen alipiga simu jioni, saa baba yake anakamua ng'ombe, kama kawaida yake. Alikwisha kusikia. Anasema vijana wote wa pale wanapoishi wameanza kuhesabu majimbo, wengine wanaongea mambo ya kufungasha. Nikamwambia asifungashe bado. Nikakata simu, nikaenda chumbani kwake kufungua dirisha, chumba kipate hewa. Mimi mwenyewe nafungasha kwa namna yangu.

Hakuuliza habari za baba yake. Nami sikumwambia.

Alhamisi, 13 Julai

Mkutano mkuu wa chama. Siku tatu tumekodolea macho televisheni. Mulcahy alikuja na watu wa kutosha, kwa maneno ya kila aliyevaa tai. Raundi ya kwanza hakuna mshindi. Ya pili, wajumbe wake wakaanza kuponyoka. Ya tatu, Brandvold. Mteule wa chama ni yeye, mtu ambaye mwaka jana hata mbwa wasingembwekea!

Nililia. Nasema ukweli, nililia kama mtoto, na kitambaa cha kufutia vyombo. Leland alikuwa mlangoni na kikombe chake. Akatazama hadi Brandvold alipomaliza hotuba. Alipofika kwenye maneno ya vijana walioko Kanada, kwamba nchi isiyosamehe watoto wake itazeeka peke yake, nikamgeukia Leland. Kikombe kilikuwa mezani, mtu hayupo.

Kesho nakwenda kwa Duane kujiandikisha kugonga milango ya watu.

Jumatano, 20 Septemba

Nimegonga milango hadi vidole vimekufa ganzi. Wengine wananikaribisha kahawa. Wengine wananisikiliza kwa adabu zote, kisha wananiuliza hali ya mahindi. Mmoja, simtaji, aliniambia najitafutia njia ya kumtoa mwanangu aibuni kwa kura za watu. Nikamjibu kwamba ndiyo, ndicho hasa ninachofanya, na yeye anatafuta bei ya nguruwe, kila mtu na lake. Akafunga mlango polepole. Nadhani alichekea ndani.

Lakini leo Brandvold amenitia homa. Ameulizwa na waandishi juu ya msamaha. Badala ya kusema ndiyo, amesema "suala hilo litatazamwa kwa makini." Kwa makini! Watu wa kura za maoni wamemwambia kwamba Rais aliyepo, wa chama kile kingine, anampita kwa sababu hiyohiyo. Nimempigia Duane, nikamuuliza kama mtu wetu ameanza kutukimbia. Duane akasema mgombea husema hivi ili ashinde, akishinda atafanya vile. Nikamwambia, na kama akizoea kusema hivi?

Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, nafikiri. Mwaka mzima nimeyashika maneno ya mtu ambaye sijapata hata kumshika mkono. Na bado kesho nitagonga milango. Nina njia gani nyingine?

Jumamosi, 28 Oktoba

Mahindi yameingia, isipokuwa kipande cha kule kijitoni. Leland amekonda. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauvuni ekari zote zile. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu kwamba Gaylen angekuwapo, tungemaliza wiki iliyopita.

Hapo ndipo ilipolipuka. Miaka mitatu ya kimya, ikatoka jikoni, supu inachemka.

Alisema yeye aliitwa vitani dhidi ya Wajerumani, akaenda, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Nikasema hii si vita ile, na anajua. Akasema anajua. Hilo lilinishangaza, kwamba anajua. Nikamuuliza sasa ni nini basi. Akakwangua matope kwenye kucha.

"Nitamtazamaje Opal?" alisema. "Kila Jumapili anakaa benchi la mbele yetu. Gaylen akirudi, atapita barabara ile na trekta, mzima, ana mikono miwili. Na Opal yuko dirishani."

Nikasema Opal hajawahi kutulaumu. Akasema ndiyo maana.

Kumbe hakuwa na hasira. Miaka yote hii nilidhani ni hasira, nikapigana nayo kama hasira. Ni haya. Mwanaume wangu anaona haya kwamba mwanawe yu hai. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga na mwiko. Nikampakulia supu.

Jumanne, 7 Novemba

Siku yenyewe ya kura. Mvua nyembamba, baridi.

Tulikwenda shuleni pamoja. Hapa kuna mapazia, asante Mungu. Mimi nilimaliza upesi, maana mkono wangu ulikuwa unaijua njia tangu Januari. Leland alikaa ndani ya pazia lake mpaka msimamizi akakohoa. Miguu yake tu ndiyo niliyoiona. Alipotoka sikumuuliza, na hakuniambia. Anaweza kuwa amempa Brandvold. Anaweza kuwa amempa Rais aliyepo. Anaweza kuwa alisimama tu.

Opal alikuwa nje, chini ya paa la mlango, anangoja mvua ipungue. Leland akavua kofia. Kila akimwona Opal huvua kofia, hata shambani. Nikasalimia, nikasema nakwenda kuleta gari. Opal akanishika mkono wa koti, akasema nibaki, na mimi nisikie.

"Leland," akasema, "mkeo Ardis alipokuja kukuomba kule kanisani, ulisema Opal amekaa hapa. Nilisikia. Nimekaa na neno hilo mwaka mzima."

Leland akaanza kusema samahani. Opal akatikisa kichwa.

"Mimi sikukuomba umkatae wako kwa ajili ya wangu. Rolf angekuwa hai angekucheka. Usinifanye mimi kuwa sababu, bwana. Mzigo wangu unanitosha."

Akafunga skafu yake, akaondoka mvuani bila kungoja. Hakulia. Nililia mimi. Leland alibaki amesimama, kofia mkononi, mvua inampiga upara. Msimamizi akaja kutuambia kwamba hairuhusiwi kusimama mlangoni.

Jioni tumekaa mbele ya televisheni. Majimbo ya mashariki kwa Brandvold, ya kusini kwa Rais, magharibi nusu kwa nusu. Iowa tumempa Brandvold, kwa kura chache. Sijui nyumba yetu ina kura moja humo au mbili. Leland amekwenda kulala mapema. Namsikia anageuka.

Jumatano, 8 Novemba

Hakuna Rais. Yaani yupo, lakini hatujui ni nani. Kila kitu kimebaki Ohio, na Ohio bado wanahesabu. Redio inaongea tangu nimeamka na haijasema kitu. Brandvold katoka hotelini kwake, kaulizwa kwa mara nyingine juu ya vijana wa Kanada, na akasema ahadi ni ahadi. Sasa anasema, kura zikiwa zimeshapigwa! Nilimtukana kidogo, kisha nikamwombea.

Duane amepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza tumeshinda, mara ya pili tumekwisha.

Leland ameingia kutoka kukamua. Nimemwambia kahawa iko tayari. Hakuitazama kahawa, wala hakuvua viatu, na sakafu niliipiga deki asubuhi. Amefungua kabati la vikombe. Namba ya Winnipeg nimeibandika ndani ya mlango wa kabati lile, nyuma ya vikombe vya wageni. Sikujua kwamba anajua.

Ananyanyua simu. Nimeacha kumenya viazi. Nimechukua daftari hili kwa kuwa sijui mikono niiweke wapi, na nikimtazama ataacha.

Amezungusha namba vibaya. Amekata. Anaanza tena, polepole, midomo inasoma.

Mtangazaji anasema wamepata matokeo ya mwisho kutoka Ohio, tusiondoke, watayasoma baada ya tangazo la sabuni.

"Mama, zima hiyo redio," Leland amesema.

Nikamwambia wanataka kusema Ohio. Mwaka mzima, Leland. Dakika moja tu.

"Zima. Sitamsikia."

Nimezima.

Inaita. Naisikia hata hapa nilipo. Leland amesimama wima kama yuko mbele ya ofisa wa jeshi, kofia kaishika kifuani. Inaita. Labda yuko kazini. Labda amelala, nao walikesha na redio.

Kuna mtu amepokea.

Leland ameibana simu sikioni. Upande ule wanasema halo, halo. Ni yeye. Naijua sauti yake hata ikiwa ndogo kiasi hicho. Anasema Mama, ni wewe?

"Si mama," Leland amesema. "Ni baba yako."

Leland amevuta kiti kwa mguu, amekaa, na matope yake yote, anasikiliza.